Meno ya Hilaria

Sauti ilianza Jumanne, baada ya kuvuka chumvi.
Si kubwa. *Ko.* Kisha kimya. Kisha *ko*
kila nilipoachia klachi,
kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi
na hataki kuamsha watoto.

Binamu yangu Wenseslao akasema: difu hiyo.
Muuza betri akasema: difu.
Padre, ambaye hana hata baiskeli,
akasema difu, na bei yake akaitaja.
Nilipofika kwa Hilaria Ticona, ng'ambo ya reli ya Uyuni,
nilikuwa nimeshahesabu lama wa kuuza.

Hilaria hakufungua boneti.
Alifuta mikono kwenye sketi, akaanza kunihoji:
Inalia ukikanyaga mafuta, au ukiachia?
Ukikata kona ya kushoto, inanyamaza?
Ukiteremka bila giya, inakusindikiza?
Na ile giya fupi ya kando, ukiivuta
magurudumu yote manne yakashikana,
inazidi au inatulia?

Sijui, nikasema.

"Miaka kumi na moja gari linalala chini ya dirisha lako
na hujui linalalamikia nini."

Tukalitoa hadi kwenye changarawe.
Mimi usukani, yeye nyuma, amechuchumaa kwenye bodi,
kiganja kimelazwa juu ya bati.
Akigonga mara mbili, naongeza. Mara moja, naachia.
Upepo wa huko juu unakausha hata mate,
lakini hakuinua mkono kufunga shali.

Beringi huimba, aliniambia baadaye,
sauti moja, inapanda na mwendo, inashuka na mwendo.
Difu hulia kama nyuki ndani ya chupa.
Krosi haiimbi. Krosi hugonga
kama mdai: mara moja tu,
pale unapobadili nia.

Kisha stendi nne, gari hewani, injini inanguruma,
magurudumu yanazunguka bila kwenda popote.
Akaingia chini na bisibisi ndefu,
mpini wa mti kati ya meno,
ncha kwenye chuma.
Sikio lake la kulia lilikufa kwa homa akiwa na miaka sita;
la kushoto husikia linachotaka.
"Ila fuvu," alisema, akitema kipande cha rangi,
"fuvu halijaziba."

Akaonja difu. Hapana.
Akaonja giaboksi, akafumba macho, akakaa,
nikaona lama wangu wakirudi mmoja mmoja zizini.
Hapana.
Zima.

Akashika propela ya nyuma kwa mikono miwili,
akaipindua nusu ya nusu, kama mtu anayejaribu kitasa.
*Ko.*
Akavuta mkono wangu, akauweka palepale. Pindua.
*Ko*, ndani ya kiganja changu,
mdogo, mkavu, wa aibu.

Krosi ilipotoka, vikombe vilikuwa havina sindano tena.
Unga mwekundu tu, kama pilipili iliyosagwa mwaka juzi.
Chumvi. Chumvi ileile ninayobeba,
inayonunua daftari za shule na mafuta ya taa,
ilikuwa chini yangu ikila, bila haraka.
Bei: lama mmoja, tena aliyekonda.

Nikaondoka. Klachi, giya, kimya.
Kimya kizuri, mpaka kilomita ya saba,
nikasikia uzi wa sauti, mwembamba,
mbele, upande wa miguu yangu.
Nikageuza.

Hilaria hakushangaa. Alikuwa anakula, akaendelea kula.
"Hiyo ni ya zamani. Kubwa ilikuwa imeikalia."
Ni nini?
"Beringi, gurudumu la mbele kushoto.
Ina miezi mitatu, ikikupenda minne.
Usiizibe kwa redio."

Sasa naendesha redio ikiwa imezimwa,
ulimi umegusa meno, taya limelegea,
nikijifunza.
Wenseslao, pembeni yangu, anasikiliza pia.
Anasema ni difu.