Shuka la Bi Olwen

Kidude chenyewe hakizidi kiberiti.
Tumekigandisha jabalini, ng'ambo ya korongo,
juu ya barabara wapitayo watoto wa shule
hapa Nantgarreg, kaskazini ya Welisi.
Kina kazi moja: kuupima ufa.

Wahenga walisema ufa uzibwe,
la sivyo tutajenga ukuta.
Huu hauzibiki. Nilitia mkono
ukamezwa hadi begani, na bado kulikuwa na giza mbele.
Huu unakeshewa tu, kama mgonjwa.

Betri zilikufa kila Januari, kwa baridi.
Gethin akipanda kwa kamba kuzibadilisha
mpaka mwaka ule jiwe lilipomshukia gotini.
Waya? Tulivuta waya mara mbili.
Wa kwanza ulikatwa na mawe,
wa pili na kondoo. Msiniulize vipi.
Na jua la huku huja kama mdeni:
linachungulia, likiona kuna mtu linarudi.

Basi tukaamua kukilisha mwanga.
Bandani kwa Bi Olwen, juu ya mashine ya kukatia nyasi,
nikafunga leza, nikailenga
mita mia tatu na arubaini
kwenye seli nyeusi, upana wa ukucha wa gumba.
Siku tatu za kulenga.
Unywele mmoja huku
ni shibiri nzima kule.

Mwanga wenyewe hauonekani,
na tumeutanua, tumeudhoofisha, usidhuru jicho.
Bi Olwen alisimama mlangoni na kikombe
akaitazama hewa tupu juu ya kabichi zake.
"Kwa hiyo chakula kinapita hapa?"
Kinapita hapo.
"Na sikioni."
Hukioni.
Akanywa chai. "Kama sala," alisema,
kisha akajirudi: "Hapana.
Sala haina bili ya umeme."

Haba na haba. Kule ng'ambo kidude
kinapokea chembe, kinaweka; chembe, kinaweka;
dakika kumi kinajinyima,
kibaba kikijaa kinatamka neno moja,
nne nukta mbili,
kinalala.
Dakika kumi.
Nne nukta mbili.
Mwaka mzima nimelala na simu chini ya mto
nikisikiliza mlima ukirudia umri wake.

Jumatatu moja ya Mei kikanyamaza.
Hapakuwa na mvua wala ukungu.
Saa nne. Saa nne na dakika kumi. Na ishirini.
Nikaendesha gari kutoka Bangor, kiatu kimoja hakijafungwa,
nikiuona ufa umefumbuka,
nikiwahesabu watoto ambao hata majina yao siyajui.

Jabali lilikuwa pale pale, limenuna kama kawaida.
Banda wazi, feni ya leza inanguruma.
Na katikati ya njia,
limeanikwa, limejaa upepo, linajitapa,
shuka la maua la Bi Olwen
linajilia peke yake chakula cha kidude.

Nikalishika. Ningeapa palikuwa na mahali,
duara la kisahani,
palipokauka kabla ya pengine.
Au ni mkono wangu tu, ulivyotetemeka.

Sasa anaanika nyuma ya nyumba, kivulini.
Nguo zinakauka kesho yake, au kesho kutwa.
Halalamiki. Aliniomba nimfundishe
kuuliza kwa lugha yangu,
nami nikamwandikia kwenye bahasha: *Kimekula?*
Lakini ngeli zetu zina milango mingi, na yeye
huingilia ule anaoutaka.
Kila asubuhi, kabla hajafungua mapazia,
ujumbe wake unafika:
*Amekula?*

Sijamsahihisha.
Nimejikuta nami, juzi, namjibu Gethin simuni
aliponiuliza hali ya jabali:
amekula vizuri, nikasema, kalala vizuri,
na leo alfajiri, kwa mara ya kwanza,
amesema nne nukta tatu.