Saba ya Nani

Kwenye rejista nimeandika Mulunesh Desta,
na penye jina la ukoo nimeacha wazi,
maana baba yake aliniambia, kwa kinywa cha mpwawe,
kwamba Desta si ukoo, Desta ni yeye,
yeye huyu anayeshona masofa Kisumu Ndogo.
Kompyuta ya ofisi haitaki nafasi wazi.
Tarehe ya kuzaliwa nayo imeikataa:
siku ya nne, mwezi wa kumi na tatu.
Mwalimu mkuu alicheka hadi miwani ikamteleza.

Wiki tatu sijaisikia sauti yake.
Nikimuuliza, umeelewa?
anavuta pumzi kwa ndani, fupi,
kama mtu aliyekanyaga msumari,
nami namwacha, nikidhani nimemtisha.
Nikaandika kwa penseli: mwoga.

Hadi mama mtu alipokuja kulipa pesa za chakula,
kitambaa cheupe kichwani, harufu ya buni mikononi.
Wewe ndiye mama Mulunesh?
Akavuta pumzi ile ile,
akatabasamu.

Kumbe ndiyo.
Siku kumi na tano mtoto ananijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo,
na mimi nimesimama mbele yake na chaki yangu, kiziwi.
Nilifuta. Penseli haikutoka yote.

Jumanne, somo la saa, kwa Kiingereza.
Hapa ndipo darasa langu huzama kila mwaka.
Mshale mfupi uko kwenye saba,
jua ndio kwanza linachungulia juu ya makuti,
kila mtoto wa Malindi anajua hiyo ni saa moja,
na kitabu kinasema saba.
Kitsao akauliza: Mwalimu, saba ya nani?
Sina jibu. Nami nilikaririshwa tu, kule Ganze,
kwa fimbo ya mkwaju.

Mkono ukainuka dawati la nyuma.
*Andi seati*, akasema Mulunesh,
akaonyesha mshale, akaonyesha dirisha,
kidole kimoja juu.
Kimya.
Kisha Kitsao, amesimama juu ya kiti:
Saa! Amesema saa! Hata kwao ni saa moja!

*Huleti*, akatufundisha. *Sosti. Arati.*
Tukapanda naye ngazi ya asubuhi
hadi saa sita, jua utosini,
tukihesabu kuanzia kulipokucha,
kama watu wenye akili zao.

Najua mtihani utakuja na saba yake.
Nitawafundisha wote kujumlisha sita,
yeye na hawa wenyeji, benchi moja,
wageni sawasawa mbele ya ukuta ule.

Lakini asubuhi iliyofuata nilimwita jina,
akavuta pumzi, nikaweka alama: yupo.
Nikamwita Kitsao, mtundu yule,
naye akavuta pumzi.
Kisha Nyevu. Kisha mapacha wa Muyeye.

Siku hizi rejista yangu haina sauti.
Natazama mabega tu, yakipanda.