Binti wa Ukoo wa Kim

Profesa Sichangi, ghorofa ya tatu, Ngara,
miaka thelathini na minane
anasoma vitabu vya nasaba vya Korea ya kale:
nani kamzaa nani,
nani alifaulu mtihani wa mfalme,
kaburi lake linatazama mlima upi.

Wake hawana majina humo.
"Wa ukoo wa Kim." "Wa ukoo wa Pak."
Kisha wino unawapita.
Yeye huwapigia mstari kwa penseli nyekundu,
mmoja mmoja,
Julai hii ya sweta mbili na chai iliyoota utando.

Juzi nilimsindikiza River Road
kuchapisha ratiba ya mazishi ya mamake.
Kijana wa kompyuta akageuza kitambulisho:
"Nakhone. Hili si la ukoo, mzee?
Alipozaliwa aliitwaje?"

Vizazi ishirini na saba vya watu wa Andong
anavijua kwa ghibu.
Mashine ya nyuma ikatema karatasi, ikanyamaza.
Akapapasa mfukoni, akatoa ile penseli,
akapiga mstari
mahali pasipo neno.

"Sawa," kijana akasema. "Nakala ngapi?"