Meno ya Kosta

Alhamisi, saa mbili usiku, Port Augusta,
jikoni mwa klabu ya mchezo wa matufe,
tunavuta viti vitano. Kimoja kina mguu mfupi
na aliyechelewa ndiye hukikalia.
Noelene anafungua daftari lake la bustani:
ukurasa wa kushoto nyanya, wa kulia hisa.

Tulinunua Quandong kwa senti tisini na mbili.
Leo ni senti kumi na tisa.
Quandong ni tunda la jangwa hili, jekundu,
kokwa kubwa, nyama kiduchu.
Walioipa kampuni jina hilo
labda walitaka kutuonya mapema.

"Sikilizeni," asema Thuy, muuguzi wa zamu za usiku,
yeye peke yake asomaye ripoti hadi tanbihi.
"Kichipu chao si kama kompyuta ya kawaida
inayokesha ikihesabu hata pasipo cha kuhesabu.
Hiki kimeiga ubongo. Kinasinzia.
Kitu kikisogea, neva moja inamfinya jirani,
jirani anamfinya jirani,
kisha kimya tena.
Umeme kinaokula hauwashi hata taa ya friji."

"Na huko juu," adakia Darragh,
aliyeendesha treni za makaa miaka thelathini,
"huko juu umeme hupimwa kwa kijiko.
Setilaiti haina pa kuchomeka waya.
Itauona moto wa kichaka kabla hatujanusa moshi,
iamue yenyewe, isingoje Adelaide iamke."

"Na mionzi je? Jua likikitandika?"
"Wamekijaribu."
"Wapi?"
"Kwenye tangazo."
Tukacheka. Darragh hakucheka;
ana hisa elfu arobaini na mke asiyejua.

Basi hoja zinazunguka na birika:
ule ni mkataba, au barua ya nia tu?
Nani katoa hisa mpya tena,
keki ile ile, vipande vyembamba zaidi?
Daima kuna atakayesema "mwakani".
Mwakani amekuwa mwanachama wetu wa sita,
na hachangii chai.

Mwezi wa Juni kiliruka kweli,
ndani ya setilaiti ndogo kama mkate wa boflo,
juu ya roketi ya watu wengine.
Tukatoka nyasini na mablanketi,
Thuy akihesabu dakika kwa saa
anayopimia mapigo ya mioyo ya wagonjwa.
Nukta ikapita upande wa kaskazini. Darragh akavua kofia.
Ilikuwa ndege ya Perth.
Hakuna aliyemwambia.

Kosta, mwoka mikate, alikuwa mbishi kutushinda sote.
Usiku ule hakubisha. Wala wiki iliyofuata.
Alikalia kiti cha mguu mfupi
ingawa alifika wa kwanza.
Halafu alicheka, kwa jambo dogo tu, nikayaona:
meno mapya, juu na chini,
meupe kama vigae vya bafu.

Bei yake naijua. Niliwahi kuulizia yangu.
Nikaigawa kichwani kwa senti kumi na tisa
na jibu likawa hisa zake zote,
karibu kamili.

Kichipu, alisema Thuy, hunyamaza
pale ambapo hakuna kilichobadilika.
Kosta ameundwa kinyume chake.

Mvumilivu hula mbivu, sawa,
lakini mbivu nayo hutafunwa.

Sikusema neno. Nilimsogezea
biskuti ngumu ya tangawizi, ile tunayoichovya sisi wengine.
Aliiuma kavu. Ikavunjika kwa mlio safi,
Darragh akageuka kutazama,
na Noelene, miwani puani, akafungua ukurasa mpya,
akaandika tarehe,
chini yake: nyanya, kuna viwavi,
ng'ambo: kumi na nane na nusu.