Mapigo kwa Dakika

Juu ya duka la spea za baiskeli,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
ngazi kumi na saba. Nimezihesabu.
Mimi huhesabu kila kitu, ni maradhi ya kazi:
miaka thelathini wodi ya wanaume, Bombo,
saa imetundikwa kifuani kichwa chini miguu juu,
vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa,
midomo kimya.

Mhina alizipanda kwa ubavu, kama kaa,
mkono kiunoni, mkono ukutani,
"polepole, mama Sauda," kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa namkimbiza.
Mgongo wake aliuacha kwenye korona ya mkonge, Pongwe:
matita ya majani asubuhi, matita mchana,
na katani iliyoanikwa uwanjani mithili ya mvi za jitu.
Kampuni ilimwaga kwa cheti na redio.
Redio ilitangulia kufa.

Semboja si mganga. Alisema mwenyewe, hakuulizwa.
Amesomea migongo miaka mitano, nchi ya baridi.
Ukutani ana picha ya uti,
pingili zote zina namba, kama nyumba za mtaa wetu.
"Na moyo?" nikamuuliza. "Nasikia mnatuliza na moyo."
Akakuna kidevu.
"Wapo wasemao hivyo. Wengine nimewaona wakitulia.
Ila vidonge vyake vya presha asiviache, hata siku moja."
Hapo ndipo nikavua viatu, nikaketi.

Nikashika mkono wa mume wangu kabla.
Tisini na sita.
Kwa mtu aliyelala kifudifudi, hilo ni kundi la mbuzi mlangoni.

Mikono ikaanza. Haikuwa na pupa.
Ikapita pingili moja moja
kama mtu apapasaye swichi ya taa katika nyumba ya kupanga.
Kisha: ka!
Niliyeruka ni mimi. Mhina alichekea ndani ya mto.
Chini, dukani, fundi alikuwa ananyoosha rimu:
anazungusha, anasikiliza, anakaza spoki, ting,
anazungusha tena,
na gurudumu linaacha kuyumba
bila kukiri kwamba liliwahi kuyumba.

Nikashika tena.
Sabini na nne.
Nikahesabu upya, dakika nzima,
si nusu mara mbili kama wavivu wa zamu ya usiku.
Sabini na nne.

Usinitake niseme ni mfupa.
Nimeona mapigo yakishuka
kwa sababu mtoto amewasili na basi la Korogwe,
kwa sababu mvua imepiga bati,
kwa sababu nesi ameketi kitandani badala ya kusimama.
Huenda ni mfupa. Huenda ni robo saa
ya kulala pasipo mtu kukuuliza ada, umeme, mchango wa harusi ya nani sijui.
Huenda ni kuguswa tu.
Mwili wa mzee hauguswi ovyo:
huguswa na daktari, kwa glovu,
na mwoshaji, siku asiyoijua.
Nami, mkewe, lini mara ya mwisho nilimshika
bila kutazama saa?

Usiku akaniambia, lete mkono.
Hajui yalipo mapigo. Alikamata kifundo chote
kama anayefunga tita,
akafumba macho, akaanza: moja, mbili,
kwa sauti, kama mtoto wa chekechea.
Alifika ishirini na tatu akasinzia.
Sikumwamsha. Mkono uliniwia ganzi, nikauacha hapo hapo.

Namba yangu siijui mpaka leo.
Alhamisi tunarudi. Elfu kumi na tano kila safari;
nimeshamwambia Semboja apunguze.