Kumchora Mla-Moto

Anza na duara. Lisiwe zuri.
Duara zuri ni la sahani, na leo hatupakui chakula.
Chora kiazi, kama kilivyotoka udongoni,
kikubwa: hicho kiwiliwili.
Kingine kidogo juu yake: hicho kichwa.
Usikandamize penseli. Mstari wa kwanza ni mgeni
hajavua viatu bado, huenda akaondoka.

Hangyeol ameshatoboa karatasi.
Haidhuru. Tundu hilo liwe jicho.
Haetae ana macho ya kumtoka, hana kope,
maana kazi yake ni lindo
na mlinzi mwenye kope husinzia.

Pua: tarakimu ya tatu imelala kifudifudi.
Pembe moja, fupi, katikati ya paji la uso,
kama kidole cha mtu anayetaka kuuliza swali.
Mdomo uwe mpana, kwa kuwa mlo wake ni mpana:
anakula moto. Ndiyo, Daon, anautafuna.
La, haupulizi kwanza.
Kama unamuunguza ulimi, sijui; mchore ulimi, tutaona.

Mimi si mwalimu. Niliandika vibao vya maduka
katika mji huu wa pwani ya mashariki ya Korea,
KINYOZI, MCHELE, NGISI WAKAVU,
kwa brashi ya manyoya, miaka thelathini na mmoja,
mpaka ikaja mashine isiyodondosha rangi.
Sasa kila Jumamosi naketi sakafuni
katika ukumbi wa mazoezi wa shule, chini ya goli la kikapu,
na watoto tisa, kati ya mahema ya njano
waliyogawiwa wazazi wao mwezi wa tatu
upepo ulipoteremka mlimani
na misonobari ikawaka kama viberiti ndani ya kasha.

Tuendelee. Magamba.
Yapangeni moja juu ya jingine, nikasema, kama vigae vya pa—
Nikajing'ata ulimi. Penseli ya Byeori ilishasimama.
Kama kucha, nikasema. Tazameni kucha zenu.
Kila gamba ukucha mmoja.
Wakatazama. Zilikuwa chafu, kumi kumi,
wakacheka, kazi ikaenda.

Mwisho kengele, shingoni, kubwa kama tufaha.
Ya nini? akauliza Daon.
Ili tumsikie akija.
Byeori hakuinua kichwa:
Mbona hatukumsikia?

Nina miaka sitini na nane.
Nimeandika neno KARIBU juu ya milango mia nne
na sikuwa na neno hata moja la kumpa.
Nikamchongea penseli, ingawa ilikuwa kali tayari.

Rangi ya chungwa ikaisha kabla ya saa nne.
Hakuna aliyepaka mkia wala manyoya ya shingo;
wote wameijaza tumboni,
matumbo manane yamevimba, yanawaka,
na mmoja amechorwa akicheua moshi,
mkono mdomoni, kwa adabu.
Wa Byeori tumbo lake jeupe.
Yuko pembeni kabisa mwa karatasi, ana miguu saba,
maana miguu ikienda mbio haihesabiki,
na kengele ameiuma kwa meno.
Huyu alichelewa, akasema. Lakini anakuja.

Zamani tulimbandika mla-moto kwenye mlango wa jiko
kila mwaka ulipoanza.
Gundi yetu ilikuwa wali wa jana,
mama akiuponda kwa kidole gumba.

Haya, andikeni majina nyuma ya karatasi.
Nyuma, Hangyeol, si juu ya tumbo.
Naweni mikono.
Gundi nitaleta Jumamosi ijayo.
Milango, sijui.