Vema

Mama Onsare alinifuata hadi mlangoni pa ofisi,
mikono ingali na povu la nguo za watu.
"Mwalimu, lete rejista kortini.
Wanasema mwanangu alipora simu Jumanne,
saa nne asubuhi, nyuma ya soko la Ponda Mali.
Saa nne si ni hesabu?"

Ni hesabu. Saa nne ni mimi, chaki,
na watoto sabini na wawili.
Dawati la nyuma, penye dirisha lisilo na kioo,
vumbi la Kaptembwa huingia bila hodi
hukaa mahali pa Onsare.

Nilimtoa mimi.
Muhula wa pili, wiki ya tatu,
shilingi mia na hamsini za karatasi za mtihani.
Nilisoma majina kumi na manne,
nikasema, "Nendeni, mrudi nazo."
Kumi na watatu walirudi.

Yeye alikaa siku mbili nyumbani,
ya tatu akakaa darajani,
ya nne pale darajani walishamjua jina,
wakampa chapati na maharagwe
wala hawakumdai kitu.
Siku hiyo.

Mwalimu mkuu hapendi mianya.
Hela za serikali huja kwa idadi ya vichwa,
"na kichwa cha Onsare," alisema, "ni kichwa."
Basi kila asubuhi niliita, "Onsare!"
nikanyamaza kidogo,
nikamtilia vema.
Vema Jumatatu. Vema Jumanne.
Siku hamsini na tatu,
kwa kalamu ya buluu, bila kufuta.

Sasa nimeapa.
Karani ananikabidhi kitabu changu mwenyewe
kana kwamba sikijui.
Mwenye simu, binti wa kuuza maziwa,
ana bendeji kutoka kiganjani hadi kiwiko.
Onsare amerefuka.
Suruali ni ileile ya shule, pindo limeshushwa mara mbili.

"Siku hiyo," hakimu anauliza, "alikuwa darasani?"

Nafungua Jumanne. Wino umekauka vizuri.
Ile vema imelala kwenye mraba wake
kama ndoana.

Onsare ananitazama alivyozoea kunitazama
akiwa na jibu na hataki kunyoosha mkono.
Mdomo wangu, kwa mazoea tu, unaita:
"Onsare."

"Nipo, mwalimu."

Kalamu sina.